Mkono wa Mwisho

Shemeji yangu huitwa Mikono Miwili. Mgeni akilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza huitazama mikono yake mwenyewe, kisha huuliza kwani sisi wengine tuna mingapi. Ndipo anapoelezwa kwamba mwenye jina ni fundi rangi, na kwamba kwa mafundi rangi mkono ni kule kuupaka ukuta mara moja, kutoka juu hadi chini. Mkono wa kwanza hufunika, wa pili husafisha. Mafundi wengi wa siku hizi hupaka mkono mmoja, tena rangi wameitia maji, wakaondoka kabla ukuta haujakauka na kuwaumbua. Yeye hataki mambo hayo. Amewahi kushuka kwenye ngazi na kukunja turubai lake kwa sababu mwenye nyumba alimwambia mkono mmoja unatosha.

"Mikono miwili, au tafuta mtu mwingine," alimjibu, na jina likamganda.

Mimi ni mdogo wa mke wake. Ni mshonaji, na chumba changu cha cherehani kinatazamana na mlango wao. Ua ni mmoja, kamba ya kuanikia nguo ni moja, kwa hiyo haya ninayoyasimulia sikuletewa na mtu. Mengine niliyaona dirishani huku mguu wangu ukiwa kwenye pedali, na mengine niliyasikia kwa sababu mtu huyu hajui kunong'ona. Kazi ya kupiga kelele kutoka juu ya ngazi imemharibu. Hata siri huisema kana kwamba wewe uko chini kwenye mchanga na yeye yuko ghorofa ya tatu.

Sasa, pamoja na mikono yake miwili, shemeji anao mkono mwingine ambao haupatikani kwa kuuomba. Yeye huuita mkono wa mwisho. Ni vanishi, ile isiyo na rangi, anayoipitisha juu ya kazi iliyokwisha ili ing'ae na maji yasiishike. Mteja wa kawaida haupati. Mteja mbishi hata asiote. Mkono wa mwisho ni wa mtu ambaye shemeji anampenda, naye huupaka bila kusema, ukarudi jioni ukakuta mlango wako unakutazama kama kioo. Mlango wangu unao. Benchi la wajawazito pale kituo cha afya, anapofanya kazi dada yangu, linao. Kitanda cha mtoto alichokilalia binti yake kinao mpaka leo, ingawa binti mwenyewe sasa ni mtu mzima wa kunifunza mimi mambo.

Kuna jambo moja la zamani lazima niliseme hapa, maana bila hilo hamtamwelewa mtu huyu. Binti yake alikuwa bado mdogo wa kukaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akimsubiri baba amalize kazi, wakati shemeji alipopaka nyeupe uso mzima wa duka la dawa lililo kwenye kona ya barabara yetu. Ukuta ulipendeza, watu wakausifia. Lakini upande ule hupigwa na jua kutwa nzima. Miaka kadhaa ikapita, na siku moja mwenye duka, akiwa amevaa kwa ajili ya harusi, aliegemea ukuta wake mwenyewe huku akisubiri gari. Alipofika harusini watu wakamcheka. Mgongo mzima wa koti lake jeusi ulikuwa mweupe.

Kesho yake alikuja uani kwetu, koti kalishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika panya.

"Umenipaka chokaa ukaniambia ni rangi!" alifoka, na majirani wote wakatoka nje kuangalia.

Haikuwa chokaa. Ilikuwa rangi nzuri kabisa, mikono miwili, na kopo lake nililiona mimi mwenyewe. Shemeji hakujibu neno. Koti nililisafisha mimi, na mwenye duka akaondoka akiwa bado anabwata. Tangu siku ile shemeji akipita karibu na ukuta wowote alioupaka hutoa kidole, akausugua, akakitazama. Kidole kikirudi kisafi hushusha pumzi na kuendelea na safari. Kikirudi cheupe, siku hiyo chakula hakishuki. "Unatoa unga," humwambia dada yangu, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba.

Sisi wakubwa hatukuuliza unga huo unatoka wapi. Aliyeuliza ni yule mtoto wa kwenye ndoo. Akauliza nyumbani, akauliza shuleni, akafika chuo kikuu bado anauliza, na huko hatimaye akapata watu wenye jibu. Wikiendi moja alirudi, akamketisha baba yake kwenye benchi nje ya mlango, akamwambia, "Baba, halikuwa kosa lako."

Akaeleza. Ule weupe wa kwenye rangi nyeupe, alisema, ni unga wa madini, oksidi ya titani, na unga huo una tabia moja: jua likiupiga, unaamka. Ukiamka unaanza kutafuna chochote kilichougusa. Sasa kwenye rangi, kilichougusa ni ile gundi inayoushikilia ukutani. Unaitafuna gundi kidogo kidogo, miaka inapita, gundi inakwisha, unga unabaki wazi hauna wa kuushika. Mtu akiegemea, anaondoka nao. Viwanda vinajua, ndiyo maana punje za rangi bora huvishwa ganda la kuzituliza, lakini ganda nalo lina siku zake.

Shemeji alikitazama kidole chake. Kisha akasema, "Kamwambie yule wa duka la dawa."

"Mimi nataka kufanya kinyume chake," binti akaendelea. "Nataka unga ambao haukutulizwa hata kidogo. Nataka utafune."

Hicho ndicho alichokuwa akisomea shahada yake ya uzamivu, ile ya kuitwa Daktari. Anatengeneza unga huo yeye mwenyewe maabara, punje zake ndogo mno, wala usijaribu kuzitafuta kwa macho. Nilipomuuliza udogo wote huo wa nini, aliniuliza naye, "Mama mdogo, sukari ya bonge na sukari laini, ipi inayeyuka upesi?" Nikamwambia laini. "Kwa sababu maji yanaigusa kila upande. Na huu hivyo hivyo. Ukiwa mdogo, unagusa uchafu mwingi." Unaupaka kwenye kigae, unakilaza juani, unateremsha maji machafu juu yake taratibu, na unga unatafuna uchafu, rangi za nguo, hata vijidudu, wenyewe ukibaki vilevile. Hakuna kuni, hakuna dawa ya kununua. Dada yangu, anayechemsha maji ya kituo cha afya kila asubuhi kwa jiko lenye moshi, alimsikiliza mwanawe kama anayesikiliza habari za mirathi.

Tena kumbe si hilo tu. Profesa wake, yule mama anayemsimamia, ana unga wa jamii hiyohiyo ambao jua likiupiga ndani ya maji unayapasua maji yenyewe, yanatoka mapovu madogomadogo ya gesi inayowaka moto.

"Maji yawake?" nikamuuliza. "Mwanangu, huko bwenini mnakula nini?"

"Bado ni povu kidogo tu, mama mdogo. Chai haichemki."

"Basi likifika la chai uniite," nikasema.

Baba yake yeye alikuwa na neno moja tu. "Mimi nimekulea kwa kubandika rangi, wewe unasomea kuibandua." Alilisema kwa kulalamika, lakini kesho yake nilimsikia akilirudia kwa muuza nondo, kwa fundi bomba na kwa kila aliyesimama kumsalimu, na hakuwa akilalamika tena.

Tatizo la binti likawa hili. Kwenye chupa ndogo za maabara unga wake ulifanya kazi vizuri sana. Lakini wakaguzi wa chuo, wale wa kumtahini, walitaka kuona unafanya kazi kwenye vigae halisi, vikubwa, juani, na maji ya kutosha. Alishaongezewa muda mara moja, na waliomwongezea walimwambia waziwazi kwamba hakuna mara ya pili. Unga wenyewe ulimchukua karibu mwaka mzima kuupata unaokubali. Alipojaribu kuupaka kwenye vigae ulimtoka mafungumafungu, huku mzito, kule hakuna kitu.

Kwa hiyo akamletea baba yake. Alifika na boksi la vigae na ndoo ndogo yenye uji mweupe, umechanganywa na gundi ya madini ambayo unga huo hauwezi kuitafuna. Alikuwa na haraka ya kurudi chuoni. Nilikuwa dirishani naye amesimama mlangoni, begi begani, na maneno aliyomwambia baba yake nayakumbuka kama yalivyo:

"Mikono miwili, Baba. Halafu mkono wa mwisho uukaushe juani vizuri."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Yeye alikuwa na maana ya kwamba apake mara mbili, na ile ya pili aiache ikauke. Mtu yeyote angemwelewa hivyo. Lakini aliyeambiwa hakuwa mtu yeyote, alikuwa Mikono Miwili, na kwake yeye mkono wa mwisho ni kitu kimoja tu duniani.

Sijapata kumwona akifanya kazi namna ile. Alinunua brashi mpya ya manyoya laini, akaiosha, akaikausha, akaiosha tena. Alitufukuza uani sote tusije tukamtimulia vumbi. Dada yangu alizuiwa kufagia. Kuku wa jirani alirushiwa kandambili. Alipaka akiwa amepiga magoti, ameshikilia pumzi, na kila kigae kilipokauka alikiinua usawa wa jicho akitafuta mstari wa brashi, hakuuona. Mkono wa kwanza, mkono wa pili. Kisha siku iliyofuata akafungua kopo la vanishi, akapaka mkono wa mwisho, tena kwa upendo wote alio nao, maana safari hii aliombwa na mwanawe mwenyewe.

Binti alirudi na ubao wake wa mteremko, pampu ndogo na ndoo mbili. Profesa alimruhusu afanyie jaribio uani kwetu, kwenye jua, kabla ya kupeleka vitu chuoni. Alivipanga vigae ubaoni, akamimina maji aliyoyatia rangi ya bluu, ya bluu kama sare za shule, pampu ikaanza kuyazungusha. Yakawa yanateremka juu ya vigae, yanaingia ndooni, yanarudishwa juu. "Jioni yatakuwa meupe, hayana rangi," alituambia. Shemeji aliweka kiti karibu na ubao, akakaa hapo kama mwenye harusi.

Jioni maji yalikuwa bluu.

Siku ya pili jua lilikuwa kali la kuunguza visogo, na maji yakabaki bluu. Siku ya tatu binti aliacha kuyatazama. Alikaa kwenye ngazi ya mlango wangu, akakumbatia magoti, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama mdogo, unga wangu umekufa. Sijui nimeukosea wapi." Chini ya ndoo ya uji mweupe kulibaki wa kijiko tu. Hakukuwa na wa kurudia, na hakukuwa na muda wa kutengeneza mwingine. Alikuwa ameshaanza kupanga maneno ya kumwambia Profesa.

Na shemeji alijua. Hakuambiwa, ila aliona. Alizunguka ua, akaja akasimama mbele yangu, akaniuliza kwa kile anachodhani ni kunong'ona, "Shemeji, au ni mkono wangu?" Nikamwambia aache upuuzi, vigae vimetoka vizuri kuliko sahani za harusi yake. Nilisema hivyo kumtuliza, na kwa kweli niliamini.

Asubuhi iliyofuata dada yangu alitoka na chai. Binti alikuwa akivitoa vigae ubaoni, amenuna, anavipanga chini tayari kuvirudisha kwenye boksi. Nilipopokea kikombe changu nikateleza kidogo, chai ikamwagikia kigae kimoja. Nikaruka kutafuta kitambaa.

"Acha, acha," shemeji akasema, na kwa mara ya kwanza siku zile uso wake ukachangamka. Alikiinua kigae kile na kukiinamisha. "Tazama. Haishiki hata tone. Ona inavyosimama." Na kweli, chai ilisimama juu ya kigae vidonge vidonge, ikabingirika, ikaanguka chini bila kuacha alama.

Binti aligeuka. Alikitazama kile kigae, halafu vile vidonge vya chai, halafu baba yake. Akapiga magoti, akachovya kidole kwenye kikombe cha mama yake, akadondosha tone jingine. Nalo likasimama, duara kabisa, kama jicho la samaki.

"Hapa maji hayatakiwi kusimama," alisema polepole. "Kigae hiki kikiwa juani maji yanatakiwa yalale, yatambae yote. Baba. Juu yake umepaka nini?"

"Nilivyoambiwa. Mikono miwili na mkono wa mwisho."

"Mkono wa mwisho si ndio wa pili?"

"Wa pili ni wa pili," shemeji akasema. "Wa mwisho ni wa mwisho. Vanishi."

Dada yangu akashika mdomo. Niliona damu ikimkimbia shemeji usoni kadiri alivyoanza kuelewa. Unga uliotakiwa kuguswa na maji alikuwa ameufunika gubigubi, kwa ustadi wote wa maisha yake, maji yasiuguse. Alikiweka kigae chini taratibu kama kitu kinachoweza kumlipukia. "Mama yangu," alimwita binti yake, maana ndivyo amwitavyo tangu utotoni, "mama yangu, nimekuharibia."

Nilijiandaa kuingilia kati. Nilidhani mtoto atapiga ukelele, na haki angekuwa nayo. Badala yake alikaa chini mavumbini, akaanza kucheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka.

"Kwa hiyo unga wangu ni mzima!" alisema. "Haukufa! Ulikuwa umefungiwa ndani tu! Mama mdogo, unasikia? Unga ni mzima!" Alinishika miguu, akaitikisa. Ndipo nilipofahamu jinsi mtoto huyu alivyokuwa amebeba mzigo. Siku zote zile alidhani kazi yake ya mwaka mzima ilikuwa uongo.

Lakini baba yake hakucheka. Alikuwa ameshaingia stoo, tukasikia makopo yakigongana, akatoka na dawa ya kubandulia rangi na msasa.

"Nitaitoa yote leo hii."

"Usiiguse!" binti aliruka. "Ukibandua vanishi, unga nao utaondoka. Ni mwembamba kuliko karatasi."

"Basi ichomwe."

"Tanuri la maabara ni dogo, vigae haviingii." Alisimama akifikiri, mkono kiunoni kama mama yake. Halafu akauliza, "Baba, hiyo vanishi ni ile ya mbao za nje?"

Shemeji aliinamisha kichwa. Nadhani swali hilo lilimuuma kuliko yote. "Ya ndani," alikiri. "Ya nje ilikuwa imeniishia. Nilitaka nije nirudie."

"Ya ndani! Una hakika?" Binti alimshika mabega. "Ya nje imetiwa kinga ya jua, Baba. Ya ndani haina. Jua linapita mpaka chini. Na huko chini kuna nani?"

Shemeji akakiinamia kigae.

"Kuna unga, Baba. Unga haujui kama vanishi ni zawadi. Kwake ni uchafu kama uchafu mwingine. Utaitafuna. Kama ulivyoitafuna gundi ya ule ukuta wa duka la dawa, ila huu wangu hauna ganda la kuutuliza, hautangoja miaka."

"Utaimaliza kabla ya wakaguzi?"

Hapo alisita. "Sijui," alisema. "Natumaini."

Vigae vikapandishwa juu ya paa la chumba changu, ambako jua hufika mapema na kuchelewa kuondoka. Binti akasema vimwagiwe maji kila siku, na akarudi chuoni kwa sababu alikuwa na mengine ya kuandika. Aliyebaki na kazi ya kumwagilia ni baba yake.

Zikaanza wiki ambazo sitaki zirudi. Kila asubuhi, kabla sijafungua dirisha, nilisikia ngazi ikiegemezwa ukutani kwangu na nyayo zikitembea juu ya kichwa changu. Kimya kidogo. Halafu nyayo zikirudi. Nikichungulia, namwona kwenye ngazi akikitazama kidole. Kisafi. Mtu ambaye miaka yote kidole kisafi kilimpa usingizi, sasa kidole kisafi kilikuwa kinamla. Alikonda. Alikataa kazi ya jengo zima kwa sababu ilikuwa mbali na paa langu. Dada yangu alimpikia kila alichokipenda, akawa anakizungusha tu sahanini. Wingu likitanda, alilitazama kama mtu anayemdai. Siku moja ilinyesha mfululizo, naye akakaa chini ya upenu wangu akisema peke yake, "Vanishi mbaya hii. Ingekuwa ya mtu mwingine ingeshabanduka zamani. Kwa nini nilipaka vizuri hivi?"

"Shemeji," nikamwambia, "huo unga binti amesema utakula, utakula. Wewe nenda ukale wa kwako."

Alitaka kucheka, kicheko hakikutoka.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida, nimeshika uzi mdomoni natafuta tundu la sindano. Nikasikia nyayo juu, nikasikia kimya. Kimya kikarefuka kuliko siku zote. Halafu ukatoka ukelele ambao nadhani ulifika mpaka sokoni.

"Unatoa unga! Jamani! Unatoa ungaaa!"

Nilimeza uzi nusu. Nilipotoka nje alikuwa anateremka ngazi bila kushika, kidole kimoja juu, na ncha ya kidole hicho ilikuwa nyeupe pe. Alimpaka dada yangu kwenye shavu, akanipaka mimi kwenye mkono. Jirani mmoja alichungulia kuuliza kuna nini, na shemeji akamwambia huku amejaa furaha, "Kazi yangu imeharibika!" Jirani wa watu akarudi ndani.

Binti alikuja siku ileile. Aliyapangusa mabaki ya vanishi, yaliyokuwa sasa ni vumbi na magamba makavu, na chini yake ule weupe mwenyewe ulikuwa umetulia, haukubanduka. Akadondosha tone la maji. Tone halikusimama. Lililala, likatambaa, likaenea kigae kizima. Akawasha pampu, akamimina maji ya bluu, akaketi na baba yake kwenye kiti kimoja, nusu kwa nusu. Mchana maji yakawa kama anga. Jua lilipoanza kuinama, nilitumbukiza mkono nikauona ukucha wangu mpaka chini ya ndoo. Shemeji, ambaye maisha yake yote ameombea rangi isitoke, alitazama bluu ile ikiisha mpaka ya mwisho, kisha akalala hapohapo kitini, akakoroma. Tulimfunika kwa kanga ya dada.

Siku ya wakaguzi tulikwenda sote. Shemeji alivaa koti lake jeusi, la pekee alilo nalo, nililolipunguza kiunoni kwa sababu ya kukonda kwake. Wakaguzi waliuliza maswali mengi ambayo sikuyaelewa, binti akayajibu yote, na maji ya ndoo ya mwisho yalipokuwa meupe Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Walitoka nje kushauriana. Walirudi wakamwita Daktari, cheo ambacho jana yake alikuwa bado hajakipata, wakampa mkono. Nikasikia mtu akipiga vigelegele, kumbe ni mimi.

Binti alikuwa ndiyo ametoka kuvihamisha vigae, ambavyo kingoni bado vilikuwa na vumbi jeupe la vanishi. Alimkimbilia baba yake, akamkumbatia kwa nguvu, akamng'ang'ania muda mrefu. Walipoachana nikaona mgongo wa koti. Viganja viwili, vyeupe, vidole vyote vinahesabika.

Mimi ni mshonaji, brashi ya nguo haikosi mkobani mwangu. "Shemeji, geuka nikupanguse. Koti lina unga."

"Najua," alisema.

"Basi geuka."

"Acha kwanza, shemeji."

Tukarudi nyumbani hivyo, yeye mbele, sisi nyuma. Tulipofika kona ya barabara yetu, mwenye duka la dawa, sasa mzee mwenye mvi, alikuwa amekaa kwenye kiti nje ya mlango wake. Shemeji akamsalimu na kumpita. Mzee akamtazama mgongoni.

"Fundi!" akaita. "Koti lako limeshika chokaa!"

Shemeji hakusimama. "Si chokaa, mzee," alijibu kwa sauti yake ile ya juu ya ngazi, barabara nzima ikasikia. "Ni mikono ya binti yangu."